Panda Langu Limepita Ukaguzi Tena: Kwa Wote Wanaotaka Kununua Fiat Iliyotumika

Wiki iliyopita Panda langu, gari dogo la Fiat, limepita revisione, ule ukaguzi wa lazima wa magari hapa Italia, na fundi hakuandika onyo lolote. Breki sawa, moshi sawa, taa sawa, kutu ya kutisha hakuna. Mita imeshavuka kilomita 200,000. Nilitoka pale na karatasi yangu mkononi, moyo umejaa. Jioni hiyo hiyo nikakuta ujumbe wa kijana wa Lamu aliyehamia Brescia: "Dada, shikamoo. Nimepata Grande Punto ya dizeli ya 2008, safi, inang'aa, bei nafuu. Wenzangu wananiambia niachane na Fiat kabisa, nivumilie mpaka nipate Toyota. Wewe Fiat unayo miaka yote hii. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hili naulizwa kila mara, na kwa sababu mimi nilipoliuliza nilichekwa badala ya kujibiwa.

Tuanze na hilo la Toyota. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na sisi watu wa Pwani tumelelewa na Toyota. Probox inabeba mchele, saruji na familia nzima kwa njia ya vumbi mpaka Marafa, na ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe anaijua. Lakini tujiulize tunaipendea nini. Hatuipendi kwa jina. Tunaipenda kwa kuwa vipuri vyake viko kila duka, bei yake inajulikana, na hakuna fundi anayeishangaa. Sasa chukua sababu hizo hizo, vuka nazo bahari, zitakufikisha kwenye gari jingine. Panda ndiyo Probox ya Italia. Padri anayo, tarishi wa posta anayo, askari wa carabinieri wanayo, mkulima wa milimani anayo ile ya magurudumu manne. Toyota Yaris ya umri ule ule hapa inauzwa ghali zaidi, na wauzaji wanajua kwamba sisi Waafrika tunaikimbilia.

Ninaishi Torino, mji uliozaa Fiat mwaka 1899. Kiwanda cha kale cha Lingotto bado kimesimama, na barabara yake ya kujaribia magari iko juu ya paa. Panda ya kwanza ilitoka 1980, ikiwa imechorwa na Giorgetto Giugiaro. Ninayoizungumzia mimi ni ya pili, iliyotoka 2003, ikatengenezwa Tychy nchini Poland mpaka 2012, na ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2004. Ya tatu inatengenezwa Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli. Nakwambia haya kwa sababu muuzaji akikwambia "Panda" tu hajakwambia kitu. Muulize ya mwaka gani, na injini ipi.

Injini ndiyo roho ya maneno haya. Panda langu lina ile inayoitwa FIRE, ya sentimita za ujazo 1,242, vali 8, nguvu farasi 60, haina taabo, yaani turbo. Ukoo wa injini hii ulianza 1985, na umewekwa kwenye magari kwa mamilioni: Uno, Punto, Panda, Lancia Y, hata 500 iliyotoka 2007. Ni chuma rahisi. Fundi anayefungua boneti anaona kila kitu, mkono unafika. Haina mbio, na kwenye mlima wa kwenda Superga utashuka gia mpaka ya pili. Lakini inywesheni oili safi, ibadilishieni mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali, kwa wakati, na haitawaangusha.

Nilitafuta gari kwa sababu ya kazi. Nalea wazee kwenye nyumba ya wazee huko vilimani nje ya mji, na zamu ya asubuhi inaanza kabla basi la kwanza halijafika kule. Wenzangu wenye magari walipewa mkataba kamili, mimi nikawa naitwa pale mtu anapougua. Nimesimama kwenye vituo vya basi Januari, barafu chini, nikimtegemea mtu anionee huruma anibebe. Kwa hiyo niliposhika pesa yangu sikuwa na nafasi ya kuipoteza. Leseni nayo ilikuwa safari yake: ya Kenya inakubalika mwaka mmoja tu tangu uandikishe makazi, kisha unafanya mtihani upya kwa Kiitaliano. Siku hizi maswali ni 30, na ukikosa zaidi ya 3 umeanguka. Wa Malindi tuna bahati kwamba Kiitaliano wengi wetu tulikiokota utotoni ufukweni kwa watalii. Nilipita, nikaanza kutafuta.

Kwanza nilikwenda kwenye yadi moja pembezoni mwa mji. Jina silitaji. Kulikuwa na Panda ya fedha, imeoshwa, imepakwa mafuta mpaka tairi zinametameta, mita inasoma kilomita 89,000. Muuzaji alikuwa mtu wa tabasamu. Nikamwomba dakika moja, nikasogea pembeni, nikaingia kwenye tovuti ya serikali inayoitwa Portale dell'Automobilista, nikaandika namba ya plate. Ni bure, haiulizi jina lako. Tangu 2018 kila revisione inaandika kilomita kwenye cheti, na tovuti inakuonyesha zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Zilikuwa nyingi kuliko zile za kwenye mita. Gari halirudi nyuma. Mtu ndiye aliyeirudisha mita.

Nilimwonyesha simu. Hakuona haya wala hakuomba radhi. Alisema, "Signora, kama unataka uhakika, panda tramu." Wale wenzake wawili wakacheka. Nayaandika haya leo, miaka imepita, na bado yananichoma, kwa sababu najua alichoona mbele yake: mwanamke mweusi mwenye bahasha ya pesa, ambaye kwa hesabu yake hawezi kusoma. Wangapi wetu wamemnunulia yule mtu magari? Sitaki awapate tena. Namba ya plate, simu, dakika moja. Kabla ya kuzunguka gari, kabla ya kusifu rangi, kabla hujampa caparra, yaani pesa ya kushikia, hata ya senti.

Panda langu nililipata kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale kwenye baa ninapokunywa kahawa. "Panda 1.2, mmiliki mmoja." Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa Mirafiori, kiwanda kikuu cha Fiat cha upande wa kusini wa mji. Gari lilikuwa la mkewe, la 2009, na mkewe macho yalikuwa yamemzuia kuendesha. Mzee hakuanza kwa kunionyesha gari. Alinikalisha mezani, akaleta faili la kadibodi. Ndani yake kila risiti, tangu siku ya kwanza: oili, filta, plagi, breki, mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji, betri, tairi, zote za gereji moja, zote zina tarehe na kilomita. Funguo mbili. Kadi ya CODE, ile yenye namba za siri za ufunguo, ambayo wengi huwa wameshaipoteza. Kisha ndipo akanipeleka kwenye banda.

Alitaka euro 3,000. Hakupunguza, na mimi baada ya kusoma lile faili sikumbana. Narudia hili kwa kila anayeniuliza: nunua mwenye gari kwanza, kisha gari. Fiat ya mtu mwenye mpangilio ina maisha marefu. Fiat ya mtu asiyejali inakufa mapema, na kabla ya kufa inakula pesa za watu wawili au watatu waliorithishana. Wanaosema "Fiat ni mbovu" wengi wao walinunua uzembe wa mtu mwingine kwa bei ndogo, kisha wakalilaumu jina lililo kwenye pua ya gari.

Nilichekwa, na sana. Kwenye karamu ya Idi hapa mjini, mtu wa karibu na familia yetu alisimama mbele ya watu akasema euro 3,000 zote hizo nimenunua gari la vibibi, kwa pesa hiyo yeye angenitafutia gari la Kijerumani lenye viti vya ngozi. Watu walicheka, na wengine walikuwa rafiki zangu. Nilinyamaza, nikala biriani yangu. Gari lake la viti vya ngozi halikumaliza miaka miwili barabarani: bima ilimshinda, kodi ya mwaka ikamshinda, kisha kikaharibika kitu kwenye giaboksi ambacho bei yake ilizidi ya gari lenyewe. Msimu ule wa baridi aliniomba lifti ya kwenda kazini, na nikampa, asubuhi baada ya asubuhi. Mungu ananiona, sikumkumbusha neno. Lakini leo nalisema ili kijana wa Brescia ajue ushauri unatoka wapi na kicheko kinatoka wapi.

Haya, tuje kwenye gari lenyewe. Nenda kuliona asubuhi, na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Likiwa na joto, kuna jambo linafichwa, maana injini iliyopata moto huficha mlio na moshi wa kuwashia. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute mzito wa rangi ya krimu, huenda ni unyevu tu wa safari fupi za baridi, huenda ni gasketi ya hedi inayopitisha maji. Fungua na chupa ya maji ya rejeta uangalie kama kuna mafuta yanayoelea. Vyote viwili vikiwa vichafu, aga kwa adabu uondoke. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama, mwenye gari amekwishakujibu maswali yote uliyotaka kumuuliza.

Ukiwa ndani, washa, na utazame taa za onyo: zote ziwake, kisha zizimike. Kwenye Panda hii na Punto ya miaka ile usukani unasaidiwa na mota ya umeme iliyo ndani ya nguzo ya usukani. Kuna kitufe kimeandikwa CITY, ukikibonyeza usukani unakuwa mwepesi zaidi kwa kuegesha. Kibonyeze, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, mara kadhaa. Taa nyekundu ya usukani isiwake, na uzito usibadilike ghafla. Huu ndio ugonjwa unaojulikana sana wa magari haya, na anayeuza gari linaloumwa atakuambia, "Ah, hiyo taa huja na kuondoka." Usimwamini.

Kisha liende juu. Usinunue gari la Kiitaliano la miaka kumi na zaidi bila kuliona kwa chini. Mlipe fundi wako, si wa muuzaji, alipandishe. Hapa kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula chuma. Tazama ekseli ya nyuma, hasa pale springi zinapokaa. Kutu ya juu juu ni kawaida, chuma kinachomenyeka kwa ukucha si kawaida. Tazama sampu, lile bakuli la chini ya injini linalobeba oili, nalo hutoboka kwa kutu likiachwa. Tazama springi za mbele: hukatika mzunguko wa chini kabisa, gari likaendelea kutembea mwenyewe asijue, mpaka siku chuma kikachana tairi. Sikiliza bushi za mikono inayoshika magurudumu ya mbele, kwenye barabara ya mawe. Kuguguta kwake hakuui, lakini bei yake iwe mezani kabla ya kupeana mkono.

Baada ya kununua mambo mengi yalipita kimya. Nitaje machache yaliyonisumbua, maana yana mafunzo.

Asubuhi moja ya Januari taa ya usukani iliwaka na usukani ukawa mzito. Nilipeleka gereji iliyokuwa karibu na kazini. Fundi hakupima kitu. Alisema nguzo nzima ya usukani imekufa, akanitajia bei iliyonitoa jasho kwenye baridi ile. Nilikuwa karibu kukubali, lakini nikampigia simu yule mzee wa Mirafiori. Akasema, "Kabla ya yote, wapime betri." Nikaenda kwa fundi wake, yule wa kwenye risiti, mtu wa maneno machache. Akaweka kipimo, akakuta betri imechoka, na waya wa ardhi una ukungu wa kijani. Mota ya usukani hunyonya umeme mwingi kwa mara moja, na volti zikishuka, kompyuta yake hujizima ikidhani kuna hatari. Akasafisha waya, akaweka betri mpya. Taa haijawaka tena mpaka leo. Kuna Panda ambazo nguzo yake imekufa kweli, na zipo gereji zinazoitengeneza upya kwa bei ndogo kuliko kununua mpya. Ila betri kwanza. Siku zote betri kwanza.

Mwaka mwingine hita ikawa inatoa hewa ya uvuguvugu tu, na petroli ikawa inaisha haraka. Ilikuwa thamostati imekwama wazi, maji yanazunguka muda wote na injini haipati joto lake. Kipuri cha bei ndogo, kazi ya saa moja hivi. Wengi hukaa nayo msimu mzima wakivaa makoti ndani ya gari huku injini inaumia. Kisha waipa ya nyuma na taa ya plate zikafa kwa pamoja: nyaya za mlango wa nyuma zilikatika ndani ya mpira unaozipitisha, kwa kufunguliwa na kufungwa miaka yote hiyo. Fundi aliziunga, basi.

Oili. Kitabu cha gari kinaruhusu uende mbali sana kabla ya kubadilisha. Mimi siendi. Kila kilomita 10,000 au kila mwaka, kinachotangulia, naweka 5W-40 na filta mpya. Injini hii hainywi hata lita 3, kwa hiyo hakuna mtu anayefanya kazi atakayeniambia hana uwezo. Kila Jumamosi kabla ya kwenda sokoni Porta Palazzo nachomoa kijiti, nakifuta, natazama. Mkanda wa taiming nao: usingoje kilomita tu, hesabu na miaka. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Fundi wangu haniruhusu kuvuka miaka 5, na kila akibadilisha mkanda anabadilisha na pampu ya maji, kwa kuwa kazi ya kufika pale ni ile ile. Ukinunua gari lisilo na risiti ya mkanda, lihesabu kwamba halijabadilishwa, hata mwenyewe akiapa.

Sasa, kijana wangu wa Brescia, hiyo dizeli yako. Injini ya 1.3 Multijet si mbaya. Ilitoka 2003, ikatengenezwa Bielsko-Biała, Poland, ina cheni badala ya mkanda, na anayekwenda nayo mbali kila siku kwenye autostrada, barabara kuu ya kasi, huisifu kwa haki. Lakini wewe umeniambia kazi yako iko ghalani, dakika kumi kutoka nyumbani. Dizeli ya safari fupi hujijaza masizi. Kama ina kichujio cha masizi, hujaribu kuyachoma masizi hayo, na wewe unazima gari kabla haijamaliza. Dizeli isiyoungua inateremka ndani ya oili, oili inakuwa nyepesi, na cheni na taabo vinalipa deni hilo. Tena gari la dizeli la 2008 ni Euro 4, kiwango cha zamani cha Ulaya cha moshi wa magari, na huko kwenu Lombardia manispaa nyingi huzikataza barabarani mchana wa siku za kazi majira ya baridi. Bei ni nafuu kwa sababu hizo. Anayeuza anazijua.

Kama moyo wako uko kwenye Grande Punto, tafuta ya petroli, 1.2 au 1.4 ya vali 8. Punto iliacha kutengenezwa 2018, lakini vipuri bado viko tele. Fiat 500 ni dada wa Panda, chuma ni kile kile, ila utalipia uzuri wa sura. Injini ya TwinAir, ya silinda mbili, inataka mtu mkali sana kwa oili, na wewe sikushauri. Giaboksi ya Dualogic, ile isiyo na klachi ya mguu, iache. Ukikuta gari lenye gesi ya GPL, uliza tanki ni la mwaka gani, maana likifika miaka 10 sheria inataka libadilishwe. La metano, yaani gesi asilia, mitungi yake hupimwa kila miaka 4 kwa yale mengi ya kisasa. Gesi inaokoa pesa nyingi kwa anayetembea sana, na anayeuza huchagua kuuza mwaka mmoja kabla ya gharama hiyo.

Karatasi nazo zina mitego. Nenda ACI, chama cha magari cha Italia, au ingia kwenye tovuti yao, uombe visura ya PRA, daftari la umma la magari. Bei yake haizidi ya vikombe vichache vya kahawa. Itakuonyesha mmiliki wa kweli, na kama gari lina deni au fermo amministrativo, yaani limezuiwa kutembea kwa faini au kodi zisizolipwa. Gari la namna hiyo ukilinunua umenunua kesi. Kuhamisha umiliki kuna ushuru wa mkoa, ambao kwa gari lisilozidi kilowati 53 unaanzia euro 150.81, na mikoa inaruhusiwa kuongeza mpaka asilimia 30, kisha juu yake kuna stempu na ada. Panda langu ni kilowati 44, limo ndani ya kiwango hicho. Kodi ya mwaka pia huhesabiwa kwa kilowati: kwa gari la Euro 4 kiwango cha msingi ni euro 2.58 kwa kila moja, hivyo kwa kilowati 44 ni kama euro 113, ingawa mikoa mingine huongeza. Piga hesabu hiyo kwa gari kubwa la Kijerumani uone.

Bima ndiyo inayowaumiza wageni. Ukianza unawekwa daraja la 14, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyolipa zaidi. Lakini sheria ya 2007 inayoitwa Bersani inakuruhusu kuchukua daraja zuri la mtu wa familia yako mnayeandikishwa nyumba moja. Mume, mke, kaka, mzazi. Ulizeni kwa bima kabla ya kulipa, wao hawatawaambia. Na ukinunua kwenye yadi badala ya kwa mtu binafsi, sheria inakupa dhamana isiyopungua miezi 12. Muuzaji akikuandikia "linauzwa kama lilivyo" hakuifuta dhamana hiyo. Mtu binafsi hana dhamana, ndiyo maana nakusisitizia risiti.

Ndugu zangu, kuna jambo nataka kulisema waziwazi. Tunanunua magari kwa ajili ya picha za kutuma nyumbani. Mtu anafanya zamu mbili, mgongo unamuuma, watoto wake Mtwapa wanangoja ada, na yeye analipa mkopo wa gari ambalo hata kulifanyia sarvisi hawezi. Halafu anamcheka mwenye Panda. Mimi kwa Panda hili nimepata mkataba kamili, nimemsomesha mdogo wangu chuo cha utabibu, nimempeleka mama Venezia alipokuja kunitembelea. Sijawahi kukwama njiani usiku. Sidaiwi na mtu. Acheni kuona haya kwa kitu kinachowafikisha kazini. Oneni haya kwa oili nyeusi na mkanda wa miaka kumi.

Na wanawake hasa: jifunzeni kufungua boneti wenyewe. Msimwachie mume wala shemeji wala rafiki wa kanisani au wa msikitini anayejifanya mtaalamu. Kijiti, maji ya rejeta, hewa ya tairi. Ni mambo matatu. Fundi akiona unajua mambo matatu, hatakudanganya la nne.

Lililobaki ni la msimu. Kwenye barabara nyingi huku kaskazini kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili unatakiwa uwe na tairi za baridi, au minyororo ndani ya gari. Weka oda mapema Oktoba, kabla foleni za kwa mafundi wa tairi hazijaanza. Na magurudumu yakishavuliwa, mwombe fundi taa, upige magoti, utazame springi za mbele mpaka mzunguko wa chini kabisa, kisha zunguka nyuma uikwangue ekseli kwa brashi ya waya na uipake rangi ya kuzuia kutu kabla chumvi haijamwagwa.